Bomba la Kuita Ng'ombe

Ng'ombe wa mzee Léopold hawakuwahi kuitwa kwa mdomo. Wenzake wa milima ya Masisi walikuwa na namna zao: huyu anapiga mluzi, yule anaimba, mwingine anatukana kidogo kwa upendo, na ng'ombe wao wanakuja. Yeye alikuwa na pikipiki. Mara mbili kwa juma aliipanda kutoka nyumbani mpaka malishoni, mkebe wa chumvi umefungwa nyuma, madebe ya maziwa yananing'inia ubavuni, na kabla hajafika, Bihogo, Gaju na Kibibi walikuwa wameshajipanga penye jiwe la chumvi kama waumini wanaongoja komunio.

Mengine yote yalikuwa kazi ya mchungaji wao, Fiston. Fiston aliwalisha, akawakamua, akalala karibu nao. Lakini chumvi ilikuja na pikipiki, na ng'ombe, kama watu, humkumbuka zaidi anayeleta kitu kitamu.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa mwaka 2008 ile milima ilimwaga watu barabarani. Fiston alikimbia na ng'ombe upande mmoja, Léopold akakimbia na binti yake upande mwingine. Binti huyo, Héritière, wa miaka ishirini na mitatu, ndiye aliyeshika usukani. Nyuma yake alikaa baba, nyuma ya baba godoro, na juu ya godoro kuku mmoja ambaye mpaka leo hakuna anayekumbuka kumpakia. Kabla ya kufika Sake bomba la moshi liligonga jiwe, likakatika, likabaki njiani. Siku kama ile hakuna anayesimama kuokota chuma. Waliingia Goma pikipiki ikinguruma kama lori, wakapokelewa na shangazi upande wa Lac Vert, na juma lililofuata Héritière akafunga bomba la kwanza alilopewa, chakavu, lenye sauti ya mbu. Akaanza kubeba mifuko ya unga ya wafanyabiashara ili wapate cha kupika.

Fiston hakuonekana tena. Ng'ombe walionekana.

Walionekana Kibati, kaskazini ya mji, mikononi mwa mtu anayeitwa Ntirenganya. Mtu huyo alikuwa amekusanya ng'ombe kumi na mmoja waliopotea vitani, akawalisha kwenye miteremko nyuma ya kambi ya wakimbizi, na maziwa yao akawagawia watoto wa kambini. Wengi walikuja kudai. Walikuja na hadithi, na machozi, na wajomba wa kuthibitisha. Ntirenganya alikuwa na sheria moja tu. "Shahidi unaweza kumununua kwa bia," alisema. "Ng'ombe hanywi bia. Mwenye ng'ombe awaite. Wakija, ni wake."

Baba na binti walikwenda. Léopold, ambaye hakuwa amewahi kuita ng'ombe maishani mwake, alisimama ukingoni mwa malisho akatamka majina matatu kwa sauti ya mwalimu anayesoma orodha ya darasa. Bihogo alimgeuzia makalio. Héritière akawasha pikipiki, ikalia kama mbu, na hakuna hata sikio moja lililotikisika. Ndiyo, Bihogo ni wa kahawia na ana jicho lenye kope nyeupe. Lakini nusu ya ng'ombe wa Kivu ni wa kahawia, na kope nyeupe kila mtu anaiona akishafika karibu.

"Muzee, sisemi wewe ni mwongo," Ntirenganya alisema kwa upole, na upole ule ukauma kuliko tusi. "Lakini kuna mwingine anawadai hao watatu. Jumapili ijayo atakuja na mashahidi wawili, na mkuu wa mahali ameniambia mashahidi wawili wanatosha. Ukiweza, rudi Jumamosi. Baada ya hapo mimi sina neno tena."

Tangu siku ile Léopold aliacha kusema "ng'ombe wangu." Alisema "wale ng'ombe." Héritière alilisikia hilo badiliko dogo akiwa anapepeta maharagwe, na mikono yake ikasimama. Nyumba imebaki mlimani, akawaza, shamba limebaki, Fiston amepotea. Kama na neno "wangu" litabaki Kibati, baba atakuwa na nini mdomoni?

Jumatano asubuhi akamweka baba yake nyuma ya pikipiki, wakaenda kwa Kasereka.

Kasereka alikuwa Mnande wa Butembo, fundi wa mabomba ya moshi katika mtaa wa Majengo. Karakana yake ilikuwa mabati matatu juu ya sakafu ya mawe ya volkano, na ndani yake mabomba yalining'inia kama mikungu ya ndizi: marefu, mafupi, ya kung'aa, ya kutu. Mlangoni aliketi Mama Bibiche, muuza chai na maandazi, aliyekuwa na maoni juu ya kila pikipiki iliyoingia.

"Unataka sauti gani?" Kasereka akauliza bila kuinua kichwa. "Vijana wote wanataka simba. Simba wamekwisha, nimebaki na chui."

"Papa Kasereka," Héritière akasema, "nataka sauti ya kuita ng'ombe."

Mama Bibiche akacheka mpaka chai ikamwagika. "Sasa na ng'ombe wanachagua mabomba. Kesho kuku watataka viatu."

Lakini Kasereka aliweka spana chini. Alipangusa mikono kwenye suruali, akavuta kigoda, akamwashiria mzee akae. "Anza mwanzo," akasema.

Wakamwambia yote. Alisikiliza kama daktari, akiuliza maswali madogo: bomba la kwanza lilikuwa refu kiasi gani, lilikuwa na mkia au hapana, moshi ulitoka mweupe au mweusi. Mwishowe akasema, "Bon. Ilikuwa inalia namna gani?"

Léopold akajikohoza. Alikuwa mtu wa heshima zake, shemasi wa kanisa, lakini Jumamosi ilikuwa karibu. Akatunisha mashavu. "Bu-bu-bu-bu-bu."

"Hapana, papa," Héritière akasema. "Ilikuwa tuku-tuku-tuku."

"Tuku-tuku ni mashine ya kusaga. Nimeipanda miaka tisa."

"Na mimi nimeisikia miaka tisa nikiwa jikoni, nikijua umefika wapi."

"Ninyi wawili mutanifukuzia wateja," Mama Bibiche akasema, lakini alikuwa amesogeza kigoda chake karibu.

Kasereka akatikisa kichwa. "Kila mutu analeta sauti iliyo kichwani mwake. Tutajaribu, masikio yataamua." Kisha akamwita Héritière ainame karibu na injini. Alitaka aelewe, na hilo lilimpendeza Héritière, kwa sababu mafundi wengi walimsemesha baba yake hata pale yeye alipokuwa ameshika usukani. "Injini ni kifua," akasema. "Inavuta pumzi, inatoa pumzi. Ukiibana pua, inakabwa, inachemka, inakula petroli bure. Ukiiacha wazi kabisa, inapiga kelele nyingi lakini ikianza kupanda mlima haina nguvu, kama mutu anayesema sana. Bomba zuri linaachia pumzi ipite, lakini si yote kwa mara moja. Sauti unayosikia ni pumzi inavyopita. Huwezi kuchagua sauti bila kuchagua pumzi."

Akaanza na bomba la kung'aa, nene kama paja. Ndani yake palikuwa na mrija ulionyooka tu, ukitazama upande huu unaona mwanga upande wa pili. Pikipiki ilipowaka, vikombe vya Mama Bibiche vilicheza. Léopold akaziba masikio. "Hii ni ndege," akasema.

Héritière akaipeleka mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Alivyosema Kasereka ndivyo ilivyokuwa: kelele tele, lakini kwenye kile kimwinuko cha mawe ilimbidi abadilishe gia mara mbili. Akiwa anarudi karakanani akaachia mkono wa gesi ili asimame, na bomba likapiga, pa, pa-pa.

Ng'ambo ya barabara mama mmoja mwenye beseni la nyanya akalala chini. Hakuanguka, alilala, haraka na kwa ustadi, mkono juu ya kichwa, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Nyanya zikabiringika mpaka mtaroni.

Hakuna aliyecheka. Héritière alikuwa wa kwanza kufika, akazima injini, akapiga magoti kuokota nyanya huku akisema pole, mama, pole sana, ni pikipiki tu. Yule mama akainuka, akajipangusa magoti. "Najua ni pikipiki," akasema. "Kichwa kinajua. Miguu haijui."

Kasereka alingoja mpaka yule mama alipokwenda zake, beseni limejaa tena na andazi la bure juu yake. Kisha akachuchumaa, akapitisha kiganja mahali bomba lilipoungana na injini. "Tazama. Hapa kwenye kiungo pana mwanya. Ukiachia gesi, hewa inaingia hapa, inakuta petroli isiyoungua ndani ya bomba, na yote inalipuka. Huu mwanya ni wa tangu lini?"

"Tangu niijue," Léopold akasema.

"Na hukuona?"

"Ilikuwa inatembea."

Kasereka akapumua kwa huzuni ya fundi. "Pikipiki inayopiga risasi haitoki kwangu. Si katika mji huu." Akachukua pete mpya ya shaba, akaibana kwenye kiungo, akakaza nati mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Héritière akaachia gesi mara tano, mara sita. Kimya, pumzi tu.

Bomba la pili lilikuwa na vyumba vitatu ndani, pumzi ikizungukazunguka kabla ya kuona mlango. Lilipanda vizuri, lakini Mama Bibiche alisema linaongea puani, na kwa mara ya kwanza siku ile wote walikubaliana. La tatu Kasereka alilitengeneza mwenyewe. Alipasua bomba kuukuu, akatoa vyumba, akaacha bamba moja tu katikati, lenye matundu. "Matundu machache, sauti nene," akasema. "Mengi, sauti nyepesi. Tutaonja kama mchuzi."

Wakaonja. Alitoboa matundu sita, akafunga, akawasha. Léopold alifumba macho. "Bado." Akatoboa mawili zaidi. "Karibu." Akajaza nyuzi za chuma kuzunguka mrija ili kuondoa ukali. "Umezidisha." Akapunguza. Jua lilishavuka paa, wateja watatu waliketi wakingoja bila kulalamika, na mmoja wao akawa anatoa ushauri.

Katika jaribio la saba Léopold aliinamisha kichwa kusikiliza. Macho yalikuwa bado yamefumbwa. Héritière akaongeza gesi kidogo, kama mtu anayepanda kutoka malishoni jioni na maziwa yamejaa. Yule mzee akaweka kiganja juu ya tangi la pikipiki lenye joto, akakiacha pale.

"Ndiyo hii," akasema.

Kasereka hakutaka kusikia habari ya malipo siku hiyo. "Ng'ombe wakija, niletee jibini," akasema. "Wasipokuja, nirudishie bomba, nitalining'iniza pale juu niwe ninalitazama."

Jumamosi waliondoka alfajiri imeshapasuka vizuri, Nyiragongo, ule mlima wa moto, amevua blanketi lake la mawingu. Walipita Munigi, watu wakiwa wanapanga vibanda vyao, na pikipiki ilipanda barabara ya mawe bila kubadilisha gia, ikisema bu-bu-bu au tuku-tuku, kila mmoja akisikia lake. Mkebe wa chumvi ulikuwa umefungwa nyuma kama zamani. Héritière aliimba kidogo. Alikuwa na imani nyingi. Ilikuwa hali yake ya kawaida, na vita haikuwa imefaulu kumwondolea.

Ntirenganya aliwangojea na kofia yake na koti refu la mvua. Ng'ombe walikuwa kwenye mteremko chini ya kilima kidogo, nyuma ya mahema ya kambi, wakila majani yaliyoota kati ya mawe meusi. Nyuma ya Bihogo alisimama ndama ambaye hawakumjua, mwenye miguu mirefu kuliko akili.

Héritière akapanda barabara akielekea kwao, gesi imejaa, bomba linaimba. Bihogo aliinua kichwa. Masikio yalikuja mbele. Léopold, aliyebaki chini, akashika mkono wa Ntirenganya bila kujua.

Kisha Bihogo akainamisha kichwa, akaendelea kula.

Héritière akarudia. Akarudia tena, taratibu, kisha kwa kasi. Akasimama, akaingurumisha pikipiki mahali pamoja. Gaju akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Alipozima injini palikuwa kimya kiasi kwamba alisikia meno ya ng'ombe yakikata majani.

"Sauti ni yenyewe," Léopold akasema. Alikuwa amekaa juu ya jiwe. "Ile ile. Basi labda wale ng'ombe si..."

Ntirenganya akatazama ardhi. "Muzee, wakati mwingine kahawia ni kahawia tu."

Héritière alikuwa anatazama njia inayoshuka kutoka kilimani. Kijana mmoja alikuwa anateremka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imebeba kuni mpaka kichwani. Hakuiachia ikimbie. Alikanyaga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, na chukudu nzima ikalalamika, krr, krr, krr, ikizuiwa hatua kwa hatua. Chukudu ikipanda haina sauti hata kidogo. Sauti ilikuwa ya kushuka.

"Papa," akasema polepole. "Malisho yetu yalikuwa chini ya barabara."

"Chini kabisa. Unajua mwenyewe."

"Na ulikuwa unashukaje?"

Léopold akamtazama kama mtu anayeulizwa namna anavyokula ugali. "Kama mutu mwenye akili. Nafunga gesi. Naweka gia ya pili, pikipiki inajizuia yenyewe. Petroli ya kuchoma kwenye mteremko nani anayo?"

"Basi sauti ya kupanda haijawahi kuwaita. Ulipopanda ulikuwa unaondoka, chumvi imekwisha. Hii tuliyotafuta kwa Papa Kasereka ni sauti yetu sisi, ya kurudi nyumbani. Wao walisikia ya kushuka. Ilikuwa inaliaje ukishuka, papa?"

Miaka tisa ilipita usoni mwa mzee. "Ilikuwa inapiga," akasema. "Pa. Pa-pa. Kwa sababu ya ule mwanya."

Na ule mwanya Kasereka aliuziba kwa upendo wote, na shaba mpya.

Spana ilikuwa chini ya kiti. Kulegeza nati ni kazi ya dakika mbili, na Héritière alikuwa ameshaingiza spana aliposimama, akageuza shingo kutazama mahema. Yalikuwa mia kadhaa, meupe, yamebanana kama meno. Akamwona yule mama wa nyanya akilala chini kwa ustadi. Akaiweka spana mfukoni.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza. "Jua linapanda."

"Kuomba ruhusa."

Mkuu wa mahema ya upande ule alikuwa mwanamke anayeitwa Philomène, mwenye kitambaa cha njano kichwani na mtoto mgongoni. Alimsikiliza Héritière mpaka mwisho, chumvi, mteremko, petroli, na yote.

"Yaani umekuja kutuambia utapiga kelele za risasi," akasema.

"Ndiyo, mama. Kama munakubali. Mukikataa, sitawasha."

Philomène akabadilisha mtoto upande. "Miezi mitano tunasikia milio hapa," akasema. "Wewe ni mutu wa kwanza kuja kutuuliza." Kisha akageuka, akajaza kifua, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliyezoea kugawa maji kwenye foleni ya watu mia. "Sikilizeni. Kuna dada hapa anaita ng'ombe wake na pikipiki. Itapiga pa-pa. Si vita, ni maziwa. Mwenye moyo mudogo azibe masikio, mwenye kutaka kuona atoke."

Walitoka wote. Bibi waliosaidiwa kutembea, wanaume waliokuwa wamelala, watoto ambao tayari walikuwa wanapiga kelele zao za pa-pa wakikimbizana. Neno lilipita hema kwa hema mpaka mwisho wa kambi, na Philomène akaenda mwenyewe kuhakikisha viziwi wameambiwa kwa mikono.

Héritière akalegeza nati. Akaisukuma pikipiki kilimani kwa miguu, injini imezimwa, na jasho likamtoka kweli. Juu akageuza. Chini yake kulikuwa na ng'ombe, kisha mahema, kisha watu wamejipanga kama siku ya sherehe, kisha mbali kabisa ziwa likimetameta kama sinia. Akawasha. Gia ya pili. Akafunga gesi, akaiachia ishuke.

Pa. Pa-pa. Pa.

Wengine walishtuka ingawa walijua. Wanawake wawili walishikana mikono. Lakini walibaki wamesimama. Na katikati ya mteremko Bihogo aliinua kichwa, akasahau majani yaliyokuwa mdomoni, akaanza kukimbia. Ng'ombe akikimbia si mnyama wa heshima: kiwele kinakwenda huku, mkia kule. Gaju nyuma yake, Kibibi nyuma ya Gaju, ndama nyuma ya wote akijikwaa kwenye kila jiwe, na nyuma ya ndama ng'ombe mweusi ambaye hakuna aliyemwita.

"Wewe rudi," Ntirenganya akamwambia yule mweusi, akimshika pembe. "Wewe si wao. Unafuata kundi tu."

Walimzunguka Héritière kabla hajashusha mguu. Bihogo aliingiza pua yote kwenye mkebe, akapuliza, chumvi ikaruka. Kambi nzima ikapiga makofi na vigelegele, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama pikipiki inaweza kumwita na mbuzi wao pia, wa kutoka Rutshuru.

Léopold alikuja kwa miguu, bila haraka. Aliweka mkono kwenye nundu ya Bihogo. "Ng'ombe wangu wamekonda," akasema, kwa sauti ya kulalamika, na Héritière akainama kutafuta kitu kwenye gurudumu ambacho hakikuwepo.

"Hawakukonda," Ntirenganya akasema. "Wamepanda mlima sana. Jumapili huyo mwingine aje na mashahidi wake, mimi nina shahidi kambi nzima."

Kuhusu ndama hapakuwa na mjadala mrefu. Mzazi wake alizalia mikononi mwa Ntirenganya, usiku wa mvua, na desturi ya kwao inampa ndama yule aliyeshika kamba. Léopold alisema, "Huyu ni wako," na Ntirenganya alikataa mara moja, kama inavyompasa mtu mwenye adabu, kisha akakubali haraka kabla hajaaminiwa. "Nilishampa jina," akakiri. "Anaitwa Kibati."

Ng'ombe walibaki pale. Njia ya Masisi ilikuwa bado haijafunguka, na huko Lac Vert shangazi alikuwa na nafasi ya kuku tu. Wakapatana: Ntirenganya achunge, watoto wa kambi wapate maziwa yao kama kawaida, na mara mbili kwa juma Héritière aje na chumvi, achukue yanayobaki. Philomène aliweka sharti lake: siku hizo ziwe Jumatano na Jumamosi, saa tatu, ili watu wajue.

Kasereka aliposikia habari alichuchumaa kando ya pikipiki, jibini limefungwa kwenye jani la mgomba mkononi mwake. "Umelegeza kazi yangu," akasema.

"Kidogo, Papa."

"Nati gani?"

"Ya kiungo."

"Kwa spana isiyolingana, nati imeharibika pembe, naona." Akaguna, akaingia ndani, akatafuta kwenye kopo. Alirudi na nati yenye masikio mawili, inayokazwa kwa vidole vitupu, akaifunga mwenyewe. "Ukitaka ng'ombe, legeza. Ukitaka watu, kaza. Na usisahau."

Mama Bibiche akataka kujua kama lile jibini lina chumvi ya kutosha, akakatiwa kipande, akasema bado hajajua, akakatiwa kingine.

Hakusahau. Kila Jumatano na kila Jumamosi, akishuka kutoka Kibati na maziwa ubavuni, Héritière alisimama Munigi kabla nyumba za mji hazijaanza kubanana. Siku nyingine baba alikuwa nyuma yake, akihesabu kwa sauti siku zilizobaki mpaka ng'ombe wake wapate njia ya kwao, hesabu ambayo ilibadilika kila juma na haikumchosha. Héritière alichuchumaa, akashika yale masikio mawili kwa pembe ya kitenge kwa sababu chuma kilikuwa cha moto, akakaza mpaka kikomo. Akaachia gesi mara moja kujaribu, akasikiliza. Pumzi tu. Kisha akaingia mjini.